Fungu la Panya

Nimeandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto,
kwa penseli, ili nifute bei zikipanda:
watu watano, siku tisini.
Dagaa, debe moja, wa kwenye chanja, si wa mchangani.
Kayabo, vipande ishirini.
Udaga. Choroko. Matobolwa kilo sita.
Chumvi ya mawe, maana haina tarehe ya kufa.
Viberiti, nivifunge kwenye nailoni.

Mwaloni Kirumba, kijana wa dagaa anajaza kopo,
anautazama mfuko wangu, ananitazama usoni.
"Mama, una harusi?"
Sina.
"Una msiba?"
Bado.
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaongeza ukufi mmoja wa bure
kama mtu anayetanguliza rambirambi.

Ningemweleza nini?
Mwaka ule Mirongo ulipoingia kwetu Mabatini bila hodi,
siku nne duka la Lugwisha likiwa limejaa matope hadi kwenye mizani,
na mimi, mwenye mshahara, mwenye salio kwenye simu,
sikuwa na hata punje ya kumtafunisha mtoto.

Nilisugua ndoo tatu za mafuta kwa majivu
mpaka zikaacha kuteleza.
Majani ya mwarobaini chini, pilipili kavu juu,
mfuniko, tepu, tarehe kwa chaki.
Kwilasa, mume wangu, mlangoni, mikono mifukoni:
"Anayeiwekea njaa godoro, itakuja kulala."
Nikavuta tepu nyingine, ndefu, kwa kelele.

Mama yake hakucheka wala hakusifu.
Chumba cha ndoo ndicho anacholala.
Aliuliza tu:
"Ya matobolwa ni ipi?"

Usiku wa tatu nikaisikia tepu ikibanduka,
taratibu, kama kidonda kinavyobanduliwa bandeji.
Mfuniko. Kimya.
Kisha meno machache yakitafuna
nyuma ya khanga iliyobanwa mdomoni.
Asubuhi tepu imerudi mahali pake, imepinda kidogo,
na tarehe yangu imefutwa nusu na kidole gumba.

Nilikuwa nimeyapanga maneno:
Mama, hii ni ya dharura.
Yakanifia kooni, mbele ya mlango wake,
kwa sababu ya jambo alilowahi kunisimulia mara moja tu,
tukichambua choroko, bila kuinua uso.
Kwao, Misungwi, mwaka ambao hautaji kwa jina,
watoto walilala sita, wakaamka watano.
Na mama yake alipofungua kilemba ili afunike maiti
yakaanguka matobolwa mawili.
Alikuwa anayaweka.
Ya kesho.

"Mawili," alisema, akaokota jiwe kwenye choroko,
akalitupa nje.

Basi chini ya chumvi nikaongeza mstari:
Panya, nusu kilo kwa mwezi.
Kwilasa alisoma daftari, akanunua mtego.
Nikauficha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la bomba la jiko,
na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi
narudi Kirumba kufidia panya.

Mvua za mwaka huu zimekuja na kupita.
Mto ulifika kwenye ngazi ya pili, ukatazama, ukarudi.
Majirani wananiuliza ndoo zinangoja nini.
Choroko nimepika zile za zamani, nimeweka mpya,
dagaa nimeanika tena juu ya jiwe kubwa la nyuma ya choo,
nikiwafukuza kunguru kwa kandambili.

Mstari wa panya nimeubadilisha.
Sasa ni robo tu.
Meno yamemwisha.
Kabla sijazima taa naloweka vipande viwili,
naviacha kwenye bakuli, kando ya ndoo,
nafunika kwa sahani,
wala sibandiki tepu.